Miji Aliyoikusanya Mtegaji

Zuhena Chilumba aliandika neno Newala kwa mara ya saba, na kwa mara ya saba kishikwambi kikalimeza. Herufi zilikuja, zikasimama kidogo kama wageni wanaosubiri kukaribishwa, kisha zikafutika moja moja mpaka pakabaki peupe. Bibi Skola, mpishi wa kituo cha Vumbini huko Mirihi, alikuwa nyuma yake, anafuta mikono kwa aproni inayonuka vitunguu. Aliyaona yote hayo. Alivuta stuli akaketi.

"Mke mwenzangu," alisema mwishowe, "unapigana na nani?"

"Na Mtegaji."

"Na Newala alipewa na nani?"

Mtoto akainamisha kichwa. Jibu walilijua wote wawili.

Miaka miwili nyuma, Zuhena akiwa na miaka saba, Mtegaji alimtega kitendawili cha jogoo, akashindwa, akaambiwa atoe mji. Akatoa ule wa kwanza uliomjia mdomoni, mji aliozaliwa baba yake, mji ambao Bi Asumini, bibi yake mzaa baba, alikuwa anaishi mpaka leo. Siku ile hakuona amepoteza kitu. Alicheka, akarusha dadu zake, akaandika hadithi ya refa aliyemeza filimbi.

Sasa Bi Asumini alikuwa kitandani, kumbukumbu zimemtoka, hata jina la mwanawe halijui. Jirani anayemhudumia alileta ujumbe wa sauti kwamba limebaki neno moja tu linalomfumbua macho. Ukimtajia Newala, anatabasamu na kuuliza kama tangi la uani limejaa maji ya mvua. Basi mjukuu aandike hadithi ya Newala, jirani amsomee mgonjwa angali anasikia.

Na muda haukuwepo. Kila baada ya miezi ishirini na sita hivi, jua huketi katikati ya Mirihi na Dunia kama mzee aliyekaa mlangoni, na kwa wiki mbili hakipiti kitu. Safari hii sauti zilishaanza kuungua njiani. Kilichokuwa kinapenya ni maandishi mafupi tu, nayo mwisho wake ulikuwa kesho saa sita mchana. Daktari wa Newala alishasema kwamba wiki mbili Bi Asumini hana.

Zuhena alikuwa ameshajaribu kila hila. Alilikata neno katikati, akaliandika kinyumenyume, akalificha ndani ya neno refu. Lakini Mtegaji amezoea watoto, hila hizo anazijua zote. Akajaribu kuandika "mji wa bibi", neno likakaa vizuri tu, ila hilo halimfumbui mtu macho.

Mtegaji mwenyewe alikuwa pembeni ya Chumba cha Hadithi, kabati la bati lenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, na kioo mbele chenye dadu tatu za mwanga. Dadu ya kwanza hutoa mtu, ya pili mahali, ya tatu kitu. Unajibu kitendawili, unarusha dadu, unaandika kwa ulichopata. Juu ya paa palikuwa na bamba linalohesabu chembe za mnururisho kutoka angani, na huko Mirihi, hewa ilivyo nyembamba, chembe hizo hunyesha usiku na mchana bila kuamriwa na mtu. Kila chembe inayogonga bamba husukuma dadu upande mmoja. Kwa hiyo hakuna mkubwa aliyeweza kusema leo mtoto wa fulani apate nini. Mtoto wa Mkuu wa Kituo na mtoto wa mfagia vumbi walisimama mbele ya kioo kile wakiwa sawa.

Bibi Skola alikuwa ameona kabati lile linavyofanya kazi. Alikuwepo mtoto mmoja aliyekaa mwaka mzima haandiki hata sentensi, ukimwambia andika unachopenda analia. Siku moja dadu zikampa mganga wa meno, shimo la takataka na mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipoinuka aliandika kurasa sita.

Ila kosa lilikuwa kosa la Bibi Skola mwenyewe, na alikuwa anatembea nalo kama kokoto ndani ya kiatu. Miaka kumi na miwili nyuma, marehemu Fundi Mbaruku, aliyelitengeneza kabati, alimfuata jikoni kumwuliza vitendawili vinachezwaje huko nyumbani. Naye, akiwa anakoroga maharage ya watu mia nne, alimjibu harakaharaka: ukishindwa unatoa mji, na mji ukishatolewa ni wa mtegaji. Mbaruku akaandika hivyo hivyo. Na kwa kuwa kituo kizima kilikuwa na kumbukumbu moja tu ya maandishi, mji ukitolewa ulizimika kwa kila mtu, kwenye kila kishikwambi, na kurasa zote zilizoutaja zikafungwa humo kabatini. Watu wazima mwanzoni walicheka. Baadaye walizoea kuandika "kule kwetu".

Ukutani ilining'inia orodha ya miji mia mbili na kumi na mmoja iliyokwisha kwenda. Watoto walikuwa wamefika mahali pa kutoa vyumba. Mmoja alitoa bafu la wanaume, na mwezi mzima hakuna tangazo la bafu lililoandikika.

Mji mmoja tu hawakuugusa, nao ni Mahenge. Waliwekeana ahadi wenyewe kwa wenyewe, bila kuambiwa, kwamba mji wa Bibi Skola hautolewi.

*

Asubuhi yake, baada ya chai, Bibi Skola alikwenda kwa Mkuu wa Kituo. Bwana Ntandu alisimama, akampa shikamoo yake na kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa ufunguo wa chuma.

Alisema kabati linafunguka, na hilo Bibi alilijua. Neno la Newala lingerudi kabla ya saa nne. Lakini Mbaruku alikubaliana na Baraza kwamba siku kabati litakapofunguliwa kwa ufunguo, uendeshaji wa dadu utahamia kwa Baraza, na Baraza lilikuwa na orodha yake tayari. Akamsogezea. Bibi Skola alivaa miwani akasoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Dadu zisitoe nyufa. Zisitoe mazishi. Zisitoe mtu aliyepotea nje ya kuta. Zisitoe kurudi Duniani.

"Kwa nini, baba?"

Bwana Ntandu hakuwa mtu mbaya. Alimkumbusha kwamba mwezi uliopita mtoto mmoja aliandika hadithi ya ufa kwenye ukuta wa bustani, ikasomwa, na watu siku tatu hawakulala vizuri, wakawa wanapapasa kuta. Alisema ana watu mia nne ndani ya maboksi tisa, na hofu humo ndani inakula hewa kuliko moto.

Bibi Skola aliukumbuka ufa ule. Alikumbuka pia kwamba baada ya hadithi ile watoto wadogo waliacha kujikojolea, kwa sababu kile walichokuwa wanakiogopa kimyakimya kilipata jina, kikapata na fundi wa kukiziba katika ukurasa wa mwisho. Lakini hilo hakulisema. Aliutazama ufunguo juu ya meza. Akimpa mtoto mmoja Newala kwa ufunguo huo, watoto wote watakaokuja wataandikiwa cha kuogopa na cha kutamani. Asipoutumia, mwanamke mmoja kule Duniani atakufa bila kufumbua macho, na mjukuu wake atajua ni yeye aliyeutoa mji.

"Nikuulize kitu," alisema. "Pale ubavuni mwa kabati pana maneno kayachora Mbaruku kwa mkono. Yanasema atakayetaka mji urudi, aweke mezani mji aliozaliwa, amtege Mtegaji. Yanafanya kazi?"

Mkuu alisema yanafanya, ila hakuna aliyejaribu miaka yote kumi na miwili. Mtegaji alijazwa vitendawili vya Dunia nzima. Na watu wazima wote miji yao ya kuzaliwa ilishakwenda.

"Wangu haujakwenda," alisema Bibi Skola, akainuka, ufunguo akauacha palepale.

*

Saa tatu na nusu alikuwa mbele ya kioo, Zuhena pembeni yake, na watoto wengine kama ishirini wamekaa sakafuni. Habari jikoni haifichiki. Zuhena alimshika aproni akamwuliza kwa sauti ya chini kama anajua anachofanya, maana Mahenge ikienda na zile kurasa zake zitakwenda. Kwa miaka kumi na minne Bibi Skola alikuwa anaandika habari za Mahenge kwa ajili ya wajukuu zake: mlima, ukungu wa asubuhi, kengele ya misheni, njia ya kwenda mtoni kwa mguu, nani alimwoa nani.

Alimjibu kwamba anajua. Akapiga kioo kwa kidole.

"Naweka Mahenge. Nataka Newala."

"Mji umepokelewa," alisema Mtegaji kwa sauti yake isiyo ya kike wala ya kiume. "Sema jibu lako sirini, kisha tega."

Ubavuni mwa kabati palikuwa na tundu dogo la kunong'onezea jibu kabla, ili mtu asije akaligeuza baadaye. Bibi Skola aliinama akanong'ona. Usiku kucha alikuwa ametafuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona hapo kituoni, akaona cha kale ndicho kilichofichika zaidi. Akajinyoosha, akatega kwa madaha ya kike ya ujana wake:

"Kila mwenye kiu akija ananivua kofia, akishiba ananivika."

Dadu hazikutikisika hata mara mbili.

"Mtungi," alisema Mtegaji.

Ukutani, chini kabisa ya orodha, likatokea jina la mia mbili na kumi na mbili. Kishikwambi cha Bibi Skola kilichokuwa mfukoni mwa aproni kilitetemeka mara moja. Hakukitoa. Hakuwa na haja ya kuona kurasa mia sita zikiwa nyeupe.

Watoto walitazamia atalia. Yeye alivuta stuli yake, akaketi, akapangusa miwani, akajicheka kidogo puani.

"Mjinga mimi," alisema. "Nimemtega mtu kwa vyombo vya kwao."

Alibaki ameketi anawaza. Mtegaji kila alichokijua alikileta kutoka Dunia: mitungi, majogoo, visima, mvua. Humu Vumbini alikuwa kipofu. Aliwalea watoto hawa miaka kumi na miwili, lakini hakuna aliyemfundisha wanavyoishi. Basi anayemweza ni mtu aliyezaliwa hapa. Wazo hilo lilipomfikia, Zuhena naye alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya kioo.

"Naweka Vumbini," alisema.

Mlangoni Bwana Ntandu, aliyekuwa amekuja kuona mwisho wake, alicheka kidogo. Akasema hicho ni kituo, si mji, mwanangu. Lakini kabati lilishajibu kwamba mji umepokelewa. Kicheko kikamkauka. Aliingia haraka akaanza kuhesabu kwa sauti: jina hilo liko kwenye ripoti zote, kwenye maombi ya mitungi ya hewa, kwenye vyeti vya watoto mia moja na sita. Likizimika, Dunia itakuwa inaandikiwa na watu wasio na mahali. Akamgeukia Bibi Skola kwa kuwa ndiye msimamizi wa Chumba cha Hadithi, na neno lake watoto hulisikia.

"Bibi, huyu ni mtoto. Hawezi kuweka mezani nyumba ya watu mia nne. Mkataze, tutumie ufunguo. Nakuomba."

Hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko hata pale kwenye meza yake. Kuweka chako ni rahisi, unaumia peke yako. Bibi Skola aliwatazama watoto sakafuni. Vumbini ilikuwa yao pia. Akawauliza mmoja mmoja, kwa jina, kama wanakubali Zuhena auweke mji wao. Hilo lilichukua dakika, na saa ukutani ilikuwa inakwenda, lakini hakuharakisha. Wote walikubali, isipokuwa kijana mmoja mdogo, Hokororo, aliyetaka kwanza kujua kama kitendawili ni kizuri. Zuhena akamnong'oneza sikioni. Hokororo akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, uso wake umebadilika.

"Sisi wakubwa tulikuja hapa, Mkuu," alisema Bibi Skola. "Hawa ndio wenye mji. Tega, mke mwenzangu."

Zuhena alinong'ona jibu kwenye tundu. Kisha akasema wazi, bila kuharakisha:

"Nilikitoa peke yangu, nimejifungia. Kesho yake watu mia nne wamekinywa, na hakuna aliyenishukuru."

Dadu zilianza kuzunguka. Zikaendelea. Saa ya mchanga ya dakika tatu ilikuwa inamwaga mchanga wake mwekundu kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza watoto wakamsikia Mtegaji ananyamaza. Alipobakiwa na chembe chache alisema:

"Maji ya kisima. Mtu alichimba peke yake."

"Siyo," alisema Zuhena.

Tundu la siri liliangaza, likalinganisha, likakubali.

"Nimeshindwa," alisema Mtegaji. "Chukua Newala. Nifungulie kitendawili."

Zuhena alifungua mdomo kusema jibu, na Bibi Skola akamzuia kwa kiganja. Kitu kilikuwa kimemrudia kutoka mbali, kutoka kwenye mkeka wa mama yake, kitu ambacho siku ile ya maharage alikisahau kabisa kumwambia Mbaruku.

"Ngoja. Hufungui hivi hivi. Ukipewa mji, unakwenda kwanza. Unasema ulifika, ulimkuta nani, ulikula nini, wenyeji walikuambiaje. Ukimaliza kutembea ndipo unafungua. Mji unapewa uutembelee. Hupewi uuweke kabatini." Akaligeukia kabati. "Na wewe sikiliza, nilikufundisha nusu. Nisamehe."

Saa ilikuwa nne na dakika hamsini. Zuhena alisema hajawahi kufika Newala, atasema nini. Bibi Skola akamwonyesha kioo. Zuhena akapiga kwa kidole. Juu ya paa chembe kutoka huko mbali zikagonga bamba, dadu ya mtu ikasimama kwenye fundi viatu, dadu ya kitu ikasimama kwenye mwavuli. Ile ya mahali haikuzunguka. Ilikuwa imeandika Newala, na herufi zake hazikufutika.

Zuhena akakaa chini kwenye kishikwambi, akaandika:

*Nilikwenda Newala, nikafika asubuhi, nikamkuta fundi viatu ameshika mwavuli ameugeuza juu chini. Nikamwuliza kwa nini, akasema Newala mvua ikija hatujifuniki, tunaikinga. Akanipeleka kwa Bi Asumini. Tangi la uani lilikuwa limejaa mpaka linamwagika. Bibi akanipa kikombe, nikanywa, akasema Newala maji yetu tunayajua yametoka wapi. Nikamwambia na kwetu Vumbini tunayajua. Humu ndani hakuna tone linalopotea. Jasho, mvuke wa sufuria, pumzi, mashine inavikusanya usiku, asubuhi vinakuwa chai. Juzi nilisikia unaumwa, nikajifungia chumbani. Jana watu wote wamekunywa chai. Kitendawili changu jibu lake ni chozi. Bibi, Newala nimeirudisha.*

Bwana Ntandu alisoma juu ya bega lake. Akasema antena ina nafasi, akatoka kwenda kuituma mwenyewe, kwa kukimbia, mtu mzima vile. Ilikwenda saa tano na robo. Ufunguo ulikuwa bado uko mezani kwake, na siku hiyo hakuurudisha ndani wala hakuutumia.

Wiki mbili zikapita kimya, jua limekaa mlangoni. Siku njia ilipofunguka, ujumbe wa jirani wa Newala ulikuwa wa pili kuingia. Bi Asumini alizikwa Jumanne. Lakini alisomewa mara nne, na mara ya nne alifumbua macho akauliza huyo fundi viatu alilipwa nini kwa mwavuli wake, maana ni mtu mzuri.

Zuhena aliusoma akiwa jikoni, amesimama karibu na sufuria ya maharage. Alilia, Bibi Skola akamwacha alie, kisha akamwambia aje aonje chumvi. Akaonja. Akasema imezidi kidogo.

Alipotoka hakwenda chumbani kwao. Bibi Skola alimwona kupitia dirisha la kupakulia, anaingia Chumba cha Hadithi, na Hokororo nyuma yake, na watoto wengine sita nyuma ya Hokororo, kila mmoja anasogeza midomo kama mtu anayekariri kitu asije akakisahau mlangoni. Orodha ukutani ilibaki na miji mia mbili na kumi na mmoja. Hokororo, kwa kuwa ndiye mdogo, walimpa nafasi ya kwanza. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu mpaka akafikia kioo.

"Naweka Vumbini," alisema. "Nataka Mahenge ya Bibi."